Kupima Athari ya Joto kwa Vimeng'enya na Upumuaji wa Seli kwa Hamira na Kimea: Mwongozo wa Jikoni kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Mwokaji wa mikate anayehama Moshi na kwenda kuishi Arusha hugundua mapema kwamba donge lililozoea kuumuka kwa saa moja sasa linahitaji muda mrefu zaidi, ingawa unga ni ule ule na hamira ni ile ile. Moshi mjini ipo takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari na Arusha takriban mita 1,400, na mwinuko huo wa ziada peke yake hushusha joto la hewa kwa kiasi cha nyuzi tatu za Sentigredi. Nyuzi tatu huonekana ni kidogo, lakini kwa kiumbe hai ambaye kazi zote za mwili wake huendeshwa na vimeng'enya, nyuzi tatu hubadilisha kasi ya maisha yenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari, mwalimu asiye na maabara iliyokamilika, na mzazi anayependa kujua kinachotokea ndani ya sufuria yake. Vifaa vyote hupatikana jikoni au sokoni. Lengo lake ni moja: kuonyesha kwamba baridi na moto, ingawa vyote viwili husimamisha kazi ya vimeng'enya, havifanyi jambo moja. Baridi hupunguza kasi na kukiacha kimeng'enya kikiwa kizima, ilhali moto uliozidi hukiharibu kabisa. Wanafunzi wengi huchora grafu ya joto na vimeng'enya kwa usahihi, mstari ukipanda polepole, ukafika kileleni, kisha ukaporomoka, lakini wakiulizwa kama pande mbili za kilele hicho zina maana sawa, huandika kwamba katika nyuzi sifuri vimeng'enya "vimekufa". Jibu hilo si sahihi, na hatua ya nne ya mwongozo huu italithibitisha mbele ya macho yao.

Mambo ya kujua kabla ya kuanza

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila yenyewe kutumika na kwisha. Kila kimeng'enya kina sehemu yenye umbo maalumu ambamo molekuli inayofanyiwa kazi hukaa, na ndiyo sababu mwanakemia wa Ujerumani Emil Fischer, mwaka 1894, alifananisha uhusiano huo na kufuli na ufunguo wake. Tangu wakati huo imefahamika kwamba kufuli hilo si gumu kama chuma, kwa kuwa hujikunja kidogo linapopokea ufunguo. Hata hivyo jambo la msingi limebaki pale pale, kwamba umbo likiharibika, kazi hukoma.

Upumuaji wa seli, ambao haupaswi kuchanganywa na kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu, ni mfululizo wa menyuko ambazo kwazo seli huvunja glukosi na kupata nishati. Penye oksijeni ya kutosha, glukosi huvunjwa hadi kuwa kabonidayoksaidi na maji, na seli hupata molekuli zipatazo 30 za ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kwa kila molekuli moja ya glukosi. Pasipo oksijeni, hamira huivunja glukosi nusu tu ya safari, ikatoa alkoholi na kabonidayoksaidi, na kujipatia ATP mbili pekee. Kila hatua ya safari hiyo ina kimeng'enya chake. Mwaka 1897 Eduard Buchner, naye pia Mjerumani, aliisaga hamira hadi seli zake zikapasuka, akaikamua, na akaona kwamba maji yaliyokamuliwa, yasiyo na seli hai hata moja, bado yaliweza kuchachusha sukari. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Ugunduzi huo ndio unaotupa haki ya kusema kwamba tukipima kasi ya hamira kutoa gesi, kwa kweli tunapima kasi ya vimeng'enya vyake.

Hatua ya kwanza: kuandaa vifaa

Tafuta glasi sita zinazofanana, zilizonyooka kuanzia chini hadi juu, kwa sababu glasi iliyotanuka mdomoni itadanganya vipimo vya kimo. Andaa gramu 300 za unga wa ngano, mililita 250 za maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya chai vya hamira kavu, na vijiko viwili vya chai vya sukari. Usitie chumvi, kwa kuwa chumvi hupunguza kasi ya hamira na itakuongezea jambo jingine la kuhesabu. Utahitaji pia mabeseni manne au sufuria nne, barafu kutoka kwenye friji, chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kwa ajili ya kuongezea, rula, saa, kalamu ya kuandikia juu ya glasi, na kipimajoto kinachofika nyuzi 100.

Kuhusu kipimajoto lazima nisisitize. Kipimajoto cha kupimia homa huishia nyuzi 42, na kile cha kioo kikiingizwa katika maji ya moto hupasuka na kumwaga zebaki, ambayo ni sumu. Kama huna kipimajoto cha maabara wala cha mapishi, ni salama zaidi kukadiria kwa kuchanganya maji. Mjini Arusha maji huchemka katika nyuzi zipatazo 95 kwa sababu ya mwinuko, na mjini Moshi katika nyuzi zipatazo 97. Ukichukua kikombe kimoja cha maji yanayochemka ukachanganya na vikombe vitatu vya maji ya bomba yenye nyuzi 18, utapata maji ya nyuzi 37 hivi. Kikombe kimoja kwa vitano hutoa takriban nyuzi 30, na vikombe sita vya moto kwa vitano vya baridi hutoa takriban nyuzi 60. Beseni lenyewe litanyonya joto kiasi, kwa hiyo lisuuze kwanza kwa maji ya moto. Mkazi wa Moshi, hasa katika miezi ya Januari na Februari, akumbuke kwamba maji yake ya bomba huwa na joto zaidi ya nyuzi 18, na kwamba itambidi aongeze ya baridi.

Hatua ya pili: kuchanganya rojo moja na kuligawa

Koroga unga, sukari na maji hadi upate rojo zito lisilo na mabonge. Kabla ya kutia hamira, chota vijiko vichache uweke katika glasi ya sita. Hii ndiyo glasi linganishi, isiyo na hamira. Kisha tia hamira katika rojo lililobaki, koroga vizuri, acha kwa dakika tano, halafu ligawe katika glasi tano hadi kila moja ifikie kimo kile kile, kwa mfano sentimita nne. Weka alama ya kalamu mahali rojo linapoanzia.

Kuna sababu mbili za kuchanganya mara moja badala ya kutengeneza kila glasi peke yake. Ya kwanza ni kwamba glasi zote zitakuwa na hamira ya kiwango kimoja, na tofauti itakayoonekana itakuwa ya joto tu. Ya pili ni ya hamira kavu yenyewe: ikiloweshwa kwa maji ya baridi sana, ngozi za seli zake huvuja wakati zinapojaa maji na hamira hudhoofika. Anayeitia hamira kavu moja kwa moja katika maji ya barafu atapata matokeo mabaya ambayo hayakutokana na baridi kupunguza kasi ya vimeng'enya, bali na seli kuumia wakati wa kuloweshwa. Kwa hiyo hamira iamshwe kwanza katika uvuguvugu, ndipo ipelekwe kwenye baridi.

Hatua ya tatu: kuziweka glasi katika joto tofauti na kusoma vipimo

Glasi ya kwanza ikae ndani ya maji yenye barafu, ya pili mezani katika joto la chumba, ya tatu katika maji ya nyuzi 30, ya nne katika maji ya nyuzi 38, na ya tano katika maji ya nyuzi 60. Glasi linganishi iwekwe pamoja na ile ya nne. Maji ya beseni yafike sawa na kimo cha rojo au juu yake kidogo. Kila baada ya dakika chache pima joto la maji na uongeze ya moto au barafu inapohitajika, kwa sababu asubuhi ya Julai mjini Arusha beseni la nyuzi 38 hupoa upesi.

Usianze kuhesabu muda mara moja. Rojo lililo katikati ya glasi huchukua muda kufikia joto la maji yanayolizunguka, na katika muda huo glasi ya tano, inayoelekea nyuzi 60, itapita kwanza katika joto linaloipendeza hamira na itaumuka kidogo kabla ya kusimama. Mwanafunzi asiyelijua hili huandika kwamba hamira inafanya kazi katika nyuzi 60. Subiri dakika 15, weka alama mpya katika kila glasi, na hapo ndipo uanze. Soma kimo kwa rula kila baada ya dakika kumi kwa muda wa dakika 40, ukiandika milimita ambazo rojo limepanda juu ya alama mpya. Kama rojo la glasi ya nne litafika juu na kuanza kuporomoka lenyewe, chukua vipimo vya kabla ya kuporomoka tu, kwani baada ya hapo unapima udhaifu wa rojo na si nguvu ya hamira.

Utaona kwamba glasi ya barafu karibu haikusogea, ya mezani imepanda kwa utulivu, ya nyuzi 30 imepanda kwa haraka zaidi, na ya nyuzi 38 imepanda kwa haraka sana. Glasi ya tano imesimama. Glasi linganishi inaweza kupanda kidogo mno, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani ya rojo hutanuka ikipata joto. Kiasi hicho kitoe katika kipimo cha glasi ya nne. Usilinganishe milimita zako na za rafiki aliyefanya jaribio hili Dar es Salaam. Mgandamizo wa hewa mjini Arusha ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, hivyo gesi ile ile hujaza nafasi kubwa zaidi huku juu, na rojo lako litaonekana limefanya kazi zaidi ya lilivyofanya.

Hatua ya nne: jaribio la kurudisha

Hii ndiyo hatua ambayo majaribio mengi ya shuleni huiacha, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufanywa hata kama muda hautoshi kwa nyingine. Ichukue glasi iliyokuwa katika barafu na ile iliyokuwa katika nyuzi 60, uziweke zote mbili katika beseni la nyuzi 38. Weka alama mpya na usubiri saa moja.

Glasi iliyotoka kwenye barafu itaanza kupanda, polepole mwanzoni na kisha kwa kasi inayokaribia ile ya glasi ya nne. Glasi iliyotoka kwenye nyuzi 60 haitapanda tena, hata ukiiacha hadi jioni. Kabla ya kurudishwa, glasi hizo mbili zilionekana sawa kwa mtazamaji, kwa sababu zote zilikuwa zimesimama, lakini moja ilikuwa na vimeng'enya vizima vilivyopungukiwa na nishati ya kufanyia kazi, na nyingine ilikuwa na protini zilizofumuka. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani aeleze kwa nini kasi ni ndogo katika nyuzi 4 na pia katika nyuzi 60, jibu lake liwe na sehemu mbili tofauti, na jaribio hili ndilo litakalomwezesha kulikumbuka.

Hatua ya tano: kuhesabu na kueleza sababu

Chukua milimita zilizopanda katika dakika 20 za kwanza baada ya alama mpya, ugawe kwa 20, upate kasi kwa dakika. Kisha gawanya kasi ya glasi ya nyuzi 30 kwa kasi ya ile ya nyuzi 20, ikiwa joto la chumba chako lilikuwa nyuzi 20. Tuseme moja ilipanda milimita 13 na nyingine milimita 6; jibu ni takriban 2.2. Namba hii, inayoonyesha kasi huongezeka mara ngapi joto linapopanda kwa nyuzi kumi, huitwa Q10, na kwa menyuko nyingi za viumbe hai huwa kati ya 2 na 3. Ukipata kubwa zaidi, kumbuka kwamba rojo lenye joto ni laini na huruhusu mapovu kutanuka kwa urahisi, na kwamba gesi haiyeyuki sana katika maji ya moto, kwa hiyo kimo cha rojo hutia chumvi kidogo katika ukweli.

Vitabu vingi hueleza ongezeko hilo kwa kusema kwamba molekuli hukimbia zaidi zikipata joto, na hivyo hugongana mara nyingi zaidi. Maelezo hayo ni kweli lakini hayatoshi. Kutoka nyuzi 20 hadi 30, mwendo wa wastani wa molekuli huongezeka kwa asilimia isiyofika hata 2, na asilimia 2 haiwezi kuzaa kasi maradufu. Kinachoongezeka sana ni idadi ya molekuli zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti cha mmenyuko. Katika kundi lolote la molekuli, nyingi zina nishati ya kati na chache zina nishati kubwa; joto likipanda kidogo tu, zile chache huongezeka maradufu. Kazi ya kimeng'enya ni kukishusha kizingiti hicho ili hata katika joto la kawaida la mwili molekuli za kutosha ziweze kukivuka.

Upande wa pili wa kilele una maelezo mengine kabisa. Umbo la protini hushikiliwa na viungo vingi dhaifu kati ya sehemu zake. Mtikisiko unaoletwa na joto ukizidi, viungo hivyo huachia, uzi wa protini hukunjuka, na mahali pa kupokelea molekuli hupotea. Ute wa yai unaokuwa mweupe katika kikaango ni protini iliyopatwa na jambo hilo hilo, na hakuna friji itakayourudisha kuwa maji.

Hatua ya sita: kimea na uji

Hamira peke yake inaweza kumfanya mtu aamini kwamba vimeng'enya vyote hupenda nyuzi 35 hadi 40 na kufa katika 60. Kimea cha ulezi kitaondoa dhana hiyo, na hapa nyumbani hakihitaji utangulizi, kwa kuwa mbege ya Uchagani hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Nunua ulezi ambao haujakobolewa wala kusagwa, kwa mfano katika soko la Mbuyuni mjini Moshi au Kilombero mjini Arusha. Uoshe, uloweke usiku kucha, uchuje, utandaze juu ya kitambaa chenye unyevu na uufunike. Katika joto la Moshi huota kwa siku mbili au tatu. Katika baridi ya Julai huko Marangu au pembezoni mwa Arusha utasubiri zaidi, na kusubiri huko nako ni upumuaji wa seli uliopunguzwa kasi, kwa kuwa mbegu inayoota hupumua kwa nguvu. Vimizizi vikianza kuonekana vizuri, anika juani hadi zikauke, zisugue ili vimizizi vidondoke, kisha saga. Zenye ukungu zitupwe zote. Usikaange kimea hiki, kwa sababu kukaanga kutaua kile unachokitafuta. Na usitumie mtama badala ya ulezi bila uangalifu, maana machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayozalisha sianidi na lazima yaondolewe kabisa.

Sasa pika uji mzito wa mahindi, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama, na uugawe katika bakuli nne. Bakuli la kwanza liache lipoe hadi nyuzi 60 hivi kisha ulitie kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. La pili liache lipoe kabisa hadi joto la chumba ndipo utie kijiko kimoja. La tatu, likiwa katika nyuzi 60, litie kijiko cha kimea ambacho kwanza kimechemshwa kwa maji kidogo kwa dakika kumi. La nne lisitiwe chochote. Acha robo saa, na yale mawili ya moto yafunikwe yasipoe. Kwa kuwa uji hukaza wenyewe unapopoa, yalete yote katika joto moja kabla ya kulinganisha. Kipimo kiwe hiki: weka kijiko kimoja cha uji juu ya sahani iliyoinamishwa, uhesabu sekunde unazotumia kuteremka sentimita kumi.

Uji wa bakuli la kwanza utakuwa mwepesi kama maji ya wali, na wa tatu utabaki mzito kama wa nne. Wa pili utalegea kidogo na taratibu. Kimeng'enya kilichofanya kazi hapo ni amilesi, kinachokata minyororo mirefu ya wanga kuwa mifupi na hatimaye kuwa sukari. Ukiuonja uji wa kwanza utahisi utamu ambao hukuutia. Amilesi ya nafaka hufanya kazi vizuri katika nyuzi 55 hadi 65, joto ambalo liliiua hamira. Amilesi ya mate yetu, ambayo nayo hukata wanga, hufanya kazi vizuri kabisa karibu na nyuzi 37, na ndiyo sababu uji wa mtoto uliochovywa kijiko kilichotoka mdomoni huwa majimaji kabla hajamaliza kuula. Jina ni moja, kazi ni moja, lakini kila protini ina umbo lake na uimara wake.

Kwa mzazi, jambo hili lina manufaa ya moja kwa moja. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi wa kawaida humjaza maji kabla ya kumpa chakula cha kutosha. Ukipika uji mzito, ukaupoza kidogo, ukautia kijiko cha kimea, unapata uji wenye unga mwingi unaonyweka kwa urahisi. Baada ya kulegea uurudishe jikoni uchemke tena kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kimea kimeota katika unyevu na kinaweza kuwa na vimelea, kisha umpe mtoto ukiwa umepoa.

Kuyatumia matokeo nyumbani na shambani

Maziwa ndiyo mahali ambapo tofauti ya baridi na moto ina uzito mkubwa zaidi kwa afya. Friji ya nyuzi 4 hupunguza kasi ya bakteria na vimeng'enya vyao, lakini haiviui, kama glasi ya barafu ilivyoonyesha. Maziwa mabichi yaliyotoka kwenye friji na kuachwa mezani huanza pale yalipoishia. Maziwa yanayopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, huwa yameuliwa bakteria wa hatari, wakiwemo wa kifua kikuu. Viwanda vya maziwa huthibitisha kazi hiyo kwa kutafuta kimeng'enya kiitwacho fosfatesi, kilichomo kiasili katika maziwa mabichi, ambacho huharibika katika joto linalozidi kidogo tu lile linalowaua bakteria hao. Kikionekana bado kinafanya kazi, maziwa hayakupashwa ipasavyo au yamechanganywa na mabichi. Sijui mfano mwingine mzuri kama huu wa kimeng'enya kilichokufa kuwa habari njema.

Ndizi hutulazimisha kuongeza sharti katika kanuni yetu. Ndizi inayoiva hupumua kwa nguvu, na kuiweka mahali penye ubaridi huchelewesha kuiva, lakini chini ya nyuzi 13 hivi ngozi za seli zake huumia. Vimeng'enya vyake havijafa. Kinyume chake, kwa kuwa kuta za ndani zimevuja, baadhi yake hukutana na kemikali ambazo vilitengwa nazo, na ganda huwa jeusi. Mkungu ulionunuliwa Tengeru ukae stoo yenye kivuli na hewa, si kwenye friji. Mboga za majani za kugandishwa nazo zitumbukizwe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha katika maji ya baridi sana, ili vimeng'enya vyake viharibiwe. Zikigandishwa mbichi, vimeng'enya vitaendelea polepole kuharibu rangi na ladha kwa miezi yote. Kwa kuwa maji yetu huchemka katika nyuzi 95 hadi 97, ongeza nusu dakika.

Mwili wa binadamu hujishikilia karibu na nyuzi 37, na homa inapopandisha joto hilo kwa nyuzi moja, kasi ya upumuaji wa seli huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Ndiyo maana mgonjwa wa homa huhema na kupungukiwa maji upesi, na anahitaji kunyweshwa. Mimea ya juu ya Kilimanjaro haina uwezo huo wa kujipasha, hivyo imejipatia njia nyingine: katika mwinuko wa mita 4,000, ambako usiku huganda karibu mwaka mzima, lobelia kubwa hufunga majani yake kulizunguka chipukizi la katikati, na majimaji yanayotunzwa humo huzuia chipukizi lisigande.

Mahindi ya ghalani ni viumbe hai vinavyopumua. Yakiwekwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi, upumuaji wake hutoa maji na joto, joto huongeza upumuaji, na katikati ya rundo unaweza kuhisi uvuguvugu kwa mkono kabla hata ya ukungu kuonekana. Anika kwanza hadi punje ikatike kwa sauti kavu chini ya jino. Kwa anayetumia mifuko isiyopitisha hewa, joto lina maana nyingine tena: dumuzi waliofungiwa ndani huipumua oksijeni iliyopo hadi iishe, kisha hufa, na kasi ya kuimaliza hutegemea joto la mahali. Katika joto la Moshi mjini hewa hiyo huisha mapema, lakini ghala la Marangu au la miteremko ya Meru lina ubaridi, wadudu hupumua polepole, na mfuko unaofunguliwa mapema huwapa hewa mpya wakiwa bado hai. Huko juu, mfuko uachwe umefungwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchota mahindi kwa mara ya kwanza.